Prosesa Isomwe Kabla ya Kununuliwa: Hoja Kuhusu Kompyuta Ndogo ya Kazi na Michezo

Mwanafunzi wa mofolojia akiandikiwa ubaoni neno hawatatupikia, hashtuki. Hulikata vipande: ha- ya ukanushi, -wa- ya nafsi, -ta- ya wakati ujao, -tu- ya mtendewa, -pik- iliyo mzizi, -i- ya kauli ya kutendea, kisha -a ya kiishio. Kabla ya chaki kukauka mkononi mwa mhadhiri, neno lililoonekana refu limekwisha kueleza ni nani, ni lini, ni tendo gani na linamhusu nani. Mwanafunzi huyo huyo akishuka mjini Nairobi, katika maduka ya kompyuta ya Moi Avenue na vichochoro vyake, akaonyeshwa kijikasha kilichobandikwa karatasi yenye maandishi Core i7-6700T, elimu yake yote humtoroka. Macho yake huishia kwenye i7. Muuzaji humwambia kwamba saba ni kubwa kuliko tano, naye huitikia, hulipa na kuondoka.

Kosa hilo halitokani na upumbavu. Latokana na mazoea. Msomi wa lugha amezoea kudhani kwamba majina ya mashine ni mali ya watu wa uhandisi, na kwamba yeye kazi yake ni kutoa fedha tu. Makala haya yanashikilia kinyume cha hayo. Yanadai kwamba anayetaka kompyuta moja ndogo, itakayomtumikia kwa kazi za ofisi mchana na kumburudisha kwa michezo jioni, hana budi kuiteua prosesa yake kwa kulisoma jina lote, kwa kulipima joto lake, na kwa kulinganisha uwezo wake na kazi iliyopo. Yanadai pia kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana zana zote za usomaji huo; tatizo ni kwamba hajapata kuzitoa nje ya darasa.

Wala suala hili si la anasa. Kwa wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya, fedha za kompyuta humegwa kutoka katika mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, au hutokana na jamaa waliouza mbuzi na magunia ya mahindi. Fedha hizo haziji mara mbili. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo itakayochapa insha za miaka minne, ndiyo itakayohifadhi data za nyanjani, na pengine ndiyo itakayobeba tasnifu ya uzamili. Chama cha wanafunzi nacho kikinunua mashine ya ofisi, hutumia ada za wanachama ambao wangependa kuona jarida lao likipangwa kurasa kwa wakati. Anayekosea hapa hulipa deni la kosa lake kwa miaka.

Kwa nini ndogo, na kwa nini michezo

Chumba cha bweni hakina nafasi ya kasha kubwa la chuma linaloketi chini ya meza na kupiga kelele. Meza yenyewe hushirikiwa na watu wawili, na juu yake pana vitabu, sufuria na pasi. Ofisi za vyama vya wanafunzi nazo aghalabu ni vijichumba vilivyokuwa stoo. Kwa mazingira hayo, kompyuta ndogo ina heri yake. Inaweza kuwa ya bodi mama ya Mini-ITX, kipimo kilicholetwa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka wa 2001 chenye sentimita 17 kwa 17. Inaweza pia kuwa mojawapo ya vile vijikasha vya ofisi, vyenye ukubwa wa kamusi nene, ambavyo kampuni kama Dell, HP na Lenovo huwauzia waajiri wakubwa kwa wingi. Baada ya kutumiwa miaka kadhaa ng'ambo, vijikasha hivyo husafishwa na kuletwa katika masoko ya Afrika Mashariki kwa bei ya mtu wa kawaida.

Kuhusu michezo, yapo maoni miongoni mwa wazee wa idara kwamba kompyuta ya masomo haifai kutiwa upuuzi wa kufyatuliana risasi na kufungana mabao. Maoni hayo yana chembe ya ukweli, kwa kuwa wapo waliopoteza mihula yao mbele ya skrini. Hata hivyo, jamii iliyobuni bao na ikauheshimu mchezo huo kiasi cha kuupa msamiati wake mahususi haiwezi kudai kwamba mchezo na akili ni maadui. Isitoshe, kijana atacheza tu. Asipochezea chumbani mwake atachezea katika vibanda vya michezo, akilipa kwa kila mechi. Basi ni hekima kukubali tangu mwanzo kwamba mashine itafanya mambo mawili, na kuichagua prosesa kwa kuyazingatia yote mawili, kuliko kununua ya kazi pekee kisha kuilaumu jioni.

Joto halina siri

Prosesa ndiyo sehemu inayotekeleza amri zote za kompyuta. Ile ya kwanza kuuzwa sokoni na Intel ikiwa kipande kimoja, yaani 4004 ya mwaka wa 1971, ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Za siku hizi zina mabilioni, na zimegawanywa katika viini. Kiini ni mtendakazi mmoja. Prosesa ya viini sita ni kama jiko lenye wapishi sita. Baadhi ya viini huweza kushika nyuzi mbili za kazi kwa wakati mmoja, kama mpishi anayekoroga mchuzi huku akingoja maji ya ugali yachemke. Ndiyo maana prosesa yaweza kuandikwa kuwa na viini 6 na nyuzi 12.

Wapishi hao hutoa joto. Kila wati ya umeme inayoingia katika prosesa hutoka ikiwa joto, na joto hilo lazima liondolewe na kipoza joto chenye feni. Katika kasha kubwa, hewa ina mahali pa kupita. Katika kijikasha cha ukubwa wa kamusi, haina. Joto likizidi kiwango, prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na feni hupiga mbio hadi mwenzake wa chumbani akashindwa kulala. Hapo mnunuzi huwa amelipia kasi asiyoipata.

Mfano uko wazi. Core i9-13900K ya mwaka wa 2022 imeandikiwa na Intel wati 125 kama kipimo cha msingi, na wati 253 kama kilele chake. Mashine hiyo ni fahali, na fahali hafugwi katika banda la kuku. Kinyume chake, prosesa za Intel zenye herufi T mwishoni zimeandikiwa wati 35, nazo ndizo hutiwa katika vijikasha vidogo vya ofisi. Kati ya ncha hizo mbili lipo kundi la wati 65, ambalo hutosha katika kasha dogo la Mini-ITX lenye kipoza joto cha wastani. Anayetaka udogo, utulivu na uwezo wa kucheza hana sababu ya kutoka nje ya mpaka wa wati 35 hadi 65. Katika Mombasa au Kisumu, ambako hewa ya chumbani yenyewe huwa ya moto, mpaka huo unastahili kuheshimiwa zaidi.

Mofolojia ya jina

Sasa lirejelewe lile jina la dukani. Core i5-8500T hukatika hivi: Core ni jina la ukoo, i5 ni tabaka, tarakimu 8 ni kizazi, 500 ni cheo ndani ya kizazi hicho, T ni kiambishi tamati kinachoeleza tabia, nacho humaanisha umeme kidogo. Tabaka ndilo linaloandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya bei, lakini kizazi ndicho kinachobeba maana nzito zaidi, kwa sababu kila kizazi huja na muundo wake wa ndani, uwezo wake na umri wake.

Vilinganishwe vijikasha viwili vinavyoweza kukaa kwenye rafu moja. Cha kwanza kina i7-6700T ya mwaka wa 2015, yenye viini 4, nyuzi 8 na kasi ya msingi ya gigahezi 2.8. Cha pili kina i5-8500T ya mwaka wa 2018, yenye viini 6, nyuzi 6 na kasi ya msingi ya gigahezi 2.1. Muuzaji ana silaha mbili za kukisifu cha kwanza: saba ni kubwa kuliko tano, na 2.8 ni kubwa kuliko 2.1. Zote mbili ni kweli kihesabu, na zote mbili humpotosha mnunuzi. Kasi ya msingi ni kasi ya chini tu. Prosesa zote mbili hupanda hadi kiasi cha gigahezi tatu na nusu kazi ikihitaji. Na ile i5, kwa viini vyake sita, haiachwi nyuma na i7 hiyo.

Tofauti kubwa iko kwingine. Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel Core kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno za kizazi cha 7, na za AMD kuanzia mfululizo wa Ryzen 2000. Windows 10 nayo ilikoma kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Aliyenunua i7 ya kizazi cha 6 kwa kufuata jina basi amenunua mashine iliyoachwa nje ya mlango, ilhali mwenzake mwenye i5 ya kizazi cha 8 yumo ndani. Yapo mafundi wanaopitisha Windows 11 kwa mlango wa nyuma katika mashine za zamani, lakini Microsoft haitoi dhamana kwa njia hiyo. Ni kweli pia kwamba kompyuta ya zamani yaweza kuwekewa Linux na LibreOffice, ikachapa insha bila tatizo. Hiyo ni njia ya heshima. Lakini iwe njia aliyoichagua mnunuzi mwenyewe, isiwe shimo alilotumbukia.

Mfano wa tatu huimaliza hoja. Core i3-12100T ya mwaka wa 2022 ina viini 4, nyuzi 8 na wati 35. Kwenye karatasi ya bei ni i3, tabaka la chini, na muuzaji huitaja kwa sauti ya kuomba radhi. Hata hivyo, huishinda ile i7 ya kizazi cha 6 kwa wazi, ingawa idadi ya viini na nyuzi ni ile ile, kwa kuwa viini vyenyewe ni vya uundaji mpya. Izingatiwe pia kwamba hapa kizazi kimeandikwa kwa tarakimu mbili: ni 12 ikifuatwa na 100, si 1 ikifuatwa na 2100. Anayekata mahali pasipostahili hupata maana isiyokuwapo, sawa na anayedhani kwamba ki- ya kitabu na ki- ya akija ni mofimu moja.

Viambishi tamati navyo vina hila zake. K humaanisha kwamba prosesa yaweza kuongezewa kasi na mtumiaji. Mwenye kasha dogo haihitaji. U hutumiwa katika kompyuta za mkononi na katika vijikasha vidogo sana. F ndiyo yenye madhara makubwa kwa asiyejua. Core i5-12400 ina kitengo cha grafiki ndani yake, yaani sehemu inayochora picha za skrini. Core i5-12400F haina. Aliyeokoa fedha kidogo kwa kununua yenye F, kisha akaitia katika kasha lisilo na nafasi ya kadi ya grafiki, atawasha mashine na kutazamana na skrini nyeusi. Herufi moja tu, kama ile -w- inayotenganisha kupiga na kupigwa.

Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 5600G ya mwaka wa 2021 husomeka vivyo hivyo: Ryzen 5 ni tabaka, 5 inayofuata ni mfululizo, 6 ni cheo, na G ni alama ya grafiki yenye nguvu iliyotiwa ndani. Lakini AMD nao wana mitego yao. Katika mfululizo wa 7000 wa kompyuta za mkononi, ambao pia hutiwa katika vijikasha vidogo, tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka tu, na ya tatu ndiyo huonyesha kizazi cha uundaji. Ryzen 5 7520U hivyo huonekana mpya kwa ile 7, ilhali ile 2 hueleza kwamba viini vyake ni vya Zen 2, muundo uliotokea mwaka wa 2019. Ryzen 5 7540U, inayokaribiana nayo kwa jina, ni ya Zen 4. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba kiambishi kimoja huweza kubeba maana tofauti kulingana na nafasi yake katika neno hapaswi kunaswa na mtego huu.

Grafiki ndiyo jioni

Kazi za ofisi hazihitaji makuu. Kuchapa, kupanga kurasa za jarida, kufungua majedwali na kusoma makala kwenye intaneti ni mambo yanayotekelezwa vyema na viini 4 vya kizazi cha karibuni, kumbukumbu ya gigabaiti 16 na diski isiyozunguka. Michezo ndiyo inayotenganisha prosesa na prosesa, na sehemu inayobeba mzigo huo zaidi ni grafiki.

Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kununua kadi ya grafiki ya pekee. Kadi hiyo ina nguvu, lakini hudai nafasi, umeme na fedha, na ndizo bidhaa tatu ambazo kompyuta ndogo ya mwanafunzi haina kwa wingi. Ya pili ni kutegemea grafiki iliyomo ndani ya prosesa. Hapa Intel na AMD hutofautiana katika prosesa za mezani za wati 65. Grafiki ya i5-12400 yatosha kwa video na michezo mepesi. Ile ya 5600G huenda mbali zaidi, na huweza kuendesha mchezo kama Grand Theft Auto V kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, mradi mchezaji akubali picha za kiwango cha chini au cha wastani. Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 AMD ilitoa Ryzen 5 8600G yenye viini 6 na Ryzen 7 8700G yenye viini 8, zote za wati 65, na grafiki zake ni bora kuliko za 5600G kwa kiasi kinachoonekana kwa macho.

Sharti moja husahauliwa na wengi. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake. Huazima ile ya kompyuta. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako, na ukweli wa msemo huo huonekana pale mtu anapotia kibao kimoja cha kumbukumbu badala ya viwili. Vibao viwili vinavyofanana huipa prosesa njia mbili za kupitishia data, na mchezo uliokuwa ukikwamakwama huanza kutiririka. Basi gigabaiti 16 ziwe vibao viwili vya 8, wala zisiwe kibao kimoja cha 16. Mnunuzi anayeipuuza nasaha hii huilaumu prosesa kwa kosa la kumbukumbu.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba ni afadhali kujinyima sasa na kununua prosesa kubwa kabisa itakayodumu. Hoja hiyo ina mvuto, lakini huangalia urefu wa kanzu bila kumpima mvaaji. Ryzen 7 7800X3D ya mwaka wa 2023 ilisifiwa sana kwa michezo, kwa sababu ina megabaiti 96 za hifadhi ya karibu ambamo data huwekwa ili isifuatwe mbali. Hata hivyo, grafiki yake ya ndani ni ya kuwashia skrini tu. Bila kadi kubwa ya grafiki kando yake, prosesa hiyo haitacheza sawa na 8600G iliyo chini yake kwa cheo. Ukubwa usiokamilishwa na vifaa vingine ni debe tupu.

Kudumu, kwa hakika, kunategemea zaidi bodi mama na soketi yake. Soketi ya AM4 ya AMD ilianza mwaka wa 2016, na hata mwaka wa 2024 prosesa mpya za soketi hiyo zilikuwa bado zikitolewa. Soketi ya AM5 ilianza mwaka wa 2022, na mwaka wa 2024 AMD ilitangaza kwamba itaitegemeza hadi mwaka wa 2027 na kuendelea. Anayenunua 8600G leo katika bodi ya AM5 aweza baadaye kubadilisha prosesa peke yake. Anayenunua 5600G hupata bei nafuu zaidi ya bodi na kumbukumbu, lakini ajue kwamba ukoo wake umefika ukingoni. Chaguo zote mbili ni halali. Ambalo si halali ni kuchagua bila kujua.

Wengine watasema kwamba kompyuta ya mkononi humaliza ubishi wote. Kwa mwanafunzi anayehama kati ya maktaba, nyanjani na nyumbani, hilo ni kweli, na makala haya hayamshauri vingine. Kwa ofisi ya chama, kwa mwalimu anayefanyia kazi mezani, na kwa mwenye chumba kimoja cha kudumu, kijikasha hushinda: kibodi ikiharibika hubadilishwa kibodi tu, skrini ikipasuka hubadilishwa skrini tu, na kumbukumbu huongezwa kwa bisibisi moja.

Lugha na kaunta

Limebaki jambo linalowahusu wasomaji wa jarida hili kuliko watu wengine wote. Kwa miaka mingi wanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya wamekesha wakijadili iwapo kifaa hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo haukuwa bure. Lakini muda ule ulipokuwa ukitumika kulibatiza kasha, vilivyomo ndani ya kasha viliachwa bila maelezo yoyote kwa Kiswahili. Mtu anayejua majina matatu ya kompyuta na asiweze kueleza tofauti ya kiini na uzi, au ya kizazi na tabaka, anafanana na anayejua majina mengi ya chombo cha baharini lakini hajui tezi wala omo.

Kazi hiyo inawezekana. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na kuthibitisha kwamba lugha hii yaweza kuketi mbele ya skrini bila kigugumizi. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Urasmi huo hauna budi kufika hadi kwenye kaunta ya duka, mahali ambapo raia huachana na fedha zake. Karatasi ya bei imeandikwa kwa msimbo ambao muuzaji peke yake hudai kuuelewa, na asiyeuelewa ndiye hulipa tofauti.

Vyama vya Kiswahili vyaweza kuanza kwa jambo dogo. Vitoe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili sanifu, unaoeleza jinsi ya kulikata jina la prosesa: tabaka, kizazi, cheo na kiambishi tamati, pamoja na kipimo cha wati na mwaka wa kutolewa. Ukurasa huo ubandikwe penye ubao wa matangazo kila mwanzo wa muhula, wakati mikopo inapoingia. Wahadhiri wa mofolojia nao hawatapoteza chochote wakiandika ubaoni, kando ya hawatatupikia, jina la Core i3-12100T, na kuwataka wanafunzi walichanganue. Zoezi hilo litawafunza kwamba uchanganuzi wa maumbo ni tabia ya akili, wala si adhabu ya mtihani.

Almuradi, uamuzi wenyewe si mgumu. Mwenye fedha kidogo na achukue kijikasha kilichotumika chenye Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, yenye herufi T, kisha aridhike na michezo mepesi. Mwenye fedha za wastani na ajenge kasha dogo kwa 5600G na vibao viwili vya kumbukumbu. Anayeweza kupanda daraja moja zaidi, na anayefikiria miaka ijayo, na achukue 8600G katika bodi ya AM5. Yeyote kati yao akiambiwa dukani kwamba saba ni kubwa kuliko tano, na aombe karatasi ya bei, asome jina hadi herufi ya mwisho, ndipo atie mkono mfukoni.